Kipanya cha gemu: DPI isikubabaishe
DPI ni kipimo cha jinsi kishale kinavyokwenda mbali ukisogeza kipanya inchi moja; ile 30,000 ya kwenye boksi ni ya kuuzia. Wachezaji wengi wa Counter-Strike, gemu ya kufyatua risasi, hutumia 400 hadi 1600. Tazama uzito na umbo. Logitech G Pro X Superlight 2 na Razer DeathAdder V3 Pro vyote vina gramu 60 hivi, ila cha Razer kimeinuka mgongo, kinafaa kiganja kikubwa.

Swichi, kidude kilicho chini ya kitufe, ndiyo inayoua vipanya. Ya chuma, bamba lake likichakaa, ukibofya mara moja inahesabu mbili. Ya mwanga haina ugonjwa huo.

Kwa kasi ya kipanya kuripoti kwa kompyuta, Hz 1000 zinatosha, yaani ripoti kila milisekunde 1. Ukipandisha 4000 betri inaisha mbio. Kipokezi cha USB cha kipanya kisicho na waya kiweke sentimita 20 kutoka kipanya, mbali na diski ya USB 3.0: huvuruga mawimbi ya 2.4 GHz, kishale kikarukaruka.