Vaisi ya kufungia nzi wa kuvulia: nilivyopata ya bei nafuu inayoshika kweli

Kama unafunga nzi wa kuvulia samaki aina ya trauti (siyo nzi wa kweli, ni chambo bandia cha manyoya na uzi kinachofungwa kwenye ndoana) na kipato chako ni cha kawaida, usitishwe na wanaosema bila vaisi, yaani kibano cha kushikia ndoana wakati wa kufunga, ya laki kadhaa hutafika popote. Lakini walionitesa zaidi ni wale wa upande wa pili, wanaosema chochote kinachobana kinatosha. Hapana. Ndoana ikicheza hata kidogo, huna nzi, una takataka ya manyoya.

Huku Mufindi, mkoani Iringa, vijito vinavyopita kwenye mashamba ya chai vina trauti, samaki wa kigeni walioletwa enzi za ukoloni wakaipenda baridi yetu. (Ukitaka kuvua, omba ruhusa kwanza, vijito vingi viko ndani ya mashamba ya watu.) Nzi wenyewe madukani Mafinga hakuna, kwa hiyo nafunga mwenyewe: manyoya ya shingo ya jogoo, ya kanga, uzi, nta ya nyuki, na rangi ya kucha ya kufungia kichwa.

Mshauri wangu wa kwanza alikuwa mzee mmoja fundi wa mashine za kupasulia mbao, mtu ninayemheshimu sana. Akaniambia, "Mwanangu, vaisi ni vaisi. Njoo karakanani ufunge hapa." Nikaenda. Vaisi yake ni ile kubwa ya kushikia vyuma, taya pana kama kiganja na meno ya kukwaruza. Nikaweka ndoana namba 12, nikakaza. Nikizungusha uzi mara mbili tatu, ndoana inainama. Nikikaza zaidi, inateleza pembeni kwa sababu meno yale yanaigusa sehemu moja tu. Mzee akasema, "Pisha, hujakaza." Akashika mkono wa vaisi, akausukuma kwa uzito wake wote. Tiki! Ndoana ikakatika kwenye pindo, ncha ikarukia kwenye maranda hatukuiona tena. Akaleta kipande cha shaba akakikunja katikati ya taya kiwe mto. Safari hii ndoana ilishika vizuri, ila sasa taya zile pana zikawa ukuta: vidole havipiti chini ya ndoana, bobini ya uzi inagonga chuma kila mzunguko, uzi unakatika. Tulishinda pale mpaka jua likazama. "Basi hii kazi yenu ni ya wanasesere," mzee akasema, na mimi nikamshukuru nikaondoka.

Wa pili alikuwa rafiki wa Iringa mjini, akanielekeza kwa muuzaji mmoja wa kwenye simu. Vaisi ikaja inang'aa, nzuri ya picha. Taya zake zilikuwa chuma laini. Baada ya nzi wachache, pale ndoana inapokaa pakachimbika kijishimo, na kuanzia hapo kila ndoana ikawa inaelekea upande inaoutaka yenyewe. Mtu akanishauri nikazipashe moto nizizamishe kwenye oili zikomae. Chuma chenye kaboni kidogo hakikomai kwa kupashwa hivyo, hata ukikichemsha siku nzima.

Hapo nikaamua kuchagua kwa vipimo, siyo kwa maneno ya watu. Shemeji yangu alikuwa Nairobi. Kenya kazi ya kufunga nzi wa kuuza nje ni ajira ya watu wengi, kwa hiyo vifaa vipo. Nikamwambia atafute vaisi ya mtindo wa Thompson Model A, muundo wa zamani wa Marekani ambao India wameunakili kwa miaka mingi: ukibonyeza mkono, taya zinavutwa nyuma ndani ya bomba lake na kubana. Haina mambo mengi ya kuharibika.

Kipimo cha kwanza ni tupa. Ipitishe taratibu upande wa chini wa taya, pasipoonekana. Ikiuma chuma, rudisha. Ikiteleza kama inapita juu ya kioo, hicho chuma kimekomazwa. Cha pili ndicho ninachojivunia. Bana ndoana, kisha ivute kidogo kwa ukucha pale kwenye tundu lake na uiachie. Iliyoshikwa sawasawa inalia "ting" safi. Iliyolegea inatoa mlio mfu. Shemeji hajui lolote kuhusu nzi, kwa hiyo nikamwambia anirushie sauti tu. Za mwanzo zilikuwa "tok, tok", nikamwambia, shemeji, acha hiyo. Ikaja moja, ting! Nikamwambia lipia sasa hivi. Ilikuwa elfu sitini na kitu kwa hela yetu ya Tanzania.

Niliagiza ya kubana ukingoni mwa meza kwa sababu ndiyo rahisi, zenye kitako kizito zinapanda bei kwa ajili ya chuma tu. Meza yangu ni ubao mnene, kibano hakiingii. Nikaenda kwa fundi breki, nikachukua diski kuukuu ya gari dogo kwa hela ya soda. Nikaikalisha, nikapitisha bolti kwenye matundu ya nati za tairi, nikafungia kipande cha mkaratusi chembamba kinachochomoza ukingoni. Vaisi inabana hapo. Chini nikagundisha tyubu ya baiskeli isikwaruze meza. Haisogei hata ukivuta uzi kwa nguvu, na naihamishia barazani kwenye mwanga.

Kuhusu vaisi ya kuzunguka, ile inayogeuza ndoana uione pande zote: nyingi za bei ndogo zinageuka kichwa tu, ndoana inachora duara hewani. Ya kuzunguka kweli inaweka mguu wa ndoana kwenye mstari wa mhimili, na hiyo ndiyo ya gharama. Mimi nafunga namba 8 hadi 14, na kumbuka namba ikipanda ndoana inapungua. Kuona upande wa pili nageuza diski yenyewe.

Ukibadilisha ukubwa wa ndoana, rekebisha skrubu ya taya kwanza kabla ya kubonyeza mkono. Ukilazimisha ndoana nene kwenye taya zilizowekwa kwa nyembamba, utazipanua, na tupa haitakusaidia tena. Fundi breki yule bado ana diski nyingi nyuma ya gereji yake.