Saa sita ya mchana au ya usiku? Siku yangu moja melini Greenland

Saa kumi na moja alfajiri naamka, ila alfajiri ni jina tu, manake ni mwezi wa sita na tangu tuingie Ghuba ya Disko jua halijazama hata mara moja. Sie watu wa Mombasa saa twazihesabu na jua, sasa huku uanzie wapi? Naswali kwa ratiba niliyopewa na ustadhi wa mtaani. Kibla natazama kwa simu lakini nikifika tahiyatu meli ishageuka, Mungu anajua nia.

Saa moja naanza kusafisha vyumba, nna kumi na vinne. Ndani giza totoro, wageni wamebana mapazia kwa pini za nywele, na soksi zilizolowa zimetundikwa mpaka kwenye taa.

Saa tatu u nusu kapteni anatangaza kwa spika, nyangumi! Wote mbio upande mmoja, nami na ndoo yangu. Ni nyangumi wa nundu, nikadhani ndo hawahawa tunaowaona Watamu mwezi wa saba na wa nane, kumbe la, mtaalamu wa meli akaniambia wa kwetu wanapanda kutoka Antaktika.

Saa saba tuko mbele ya mji wa Ilulissat, na maana ya jina lenyewe ndo hiyo, milima ya barafu. Inameguka kutoka mto wa barafu wa Sermeq Kujalleq halafu inakwama mlangoni mwa mkono wa bahari kwa sababu chini ya bahari kuna tuta, basi imejipanga pale mikubwa kama maghorofa. Meli inakaa mbali, watu wanashuka kwa boti za mpira, na kabla ya kushuka buti zinasuguliwa kwa dawa usije ukabeba mbegu za kwingine. Leo kulikuwa na nafasi moja bosi akanambia enda.

Tukapelekwa kaffemik, yaani mtu anafungua nyumba yake, kahawa na keki, unaingia unatoka. Viatu mlangoni, na ukisema umeshiba unaongezwa, nikasema hapa ni kwetu. Nikapewa mattak, ngozi ya nyangumi mbichi na mafuta yake, ni ya baharini nikapiga bismillahi, unatafuna weee kama pweza asiyepigwa. Lakini mama wa nyumba alichonipendea ni qujanaq, asante yao. Wageni wote wanasema kujanak, mimi nikaitoa na qaf ya madrasa kabisa, akacheka akaniita nirudie mbele ya majirani. Viboko vya maalimu vimelipa Greenland jamani.

Saa kumi na mbili vyumba tena, taulo, mapazia, soksi mpya zishalowa.

Namaliza nampigia mamangu kwa video, kwao ni saa kumi ya usiku ameamkia tahajudi. Anaona jua limenimulika usoni, anakasirika.

"Mbona huko kazini? Saa ngapi huko?"

"Saa sita, mama."

"Mchana wote huo umekaa tu?"

"Ya usiku, mama."