Boga ambalo hakuna aliyelipanda

Huku Kimara ua wetu mdogo kweli, ukishatoa simtanki na kamba ya kuanikia nguo kinabaki kipande ambacho mtu akiruka vizuri anakivuka. Nina matembele, mchicha, mchaichai ukutani na pilipili mbuzi kwenye ndoo kuukuu, basi. Ila raha yangu kubwa siyo nilivyopanda, ni vilivyojiotea, watu nikiwaambia wanaona natania.

Mfano boga. Maganda na mbegu za jikoni tunatupaga kona moja nyuma ya nyumba, mvua za vuli zilipoanza tu kikachomoza kitu kina majani mawili manene, mama mkwe akasema hilo boga, usiling'oe. Jamani lile boga lilitambaa, likapita chini ya kamba ya nguo, likapanda ukuta, likaingia kwa jirani bila hodi! Majani machanga tukawa tunachuma, unatoa zile nyuzi, unakatakata, unaunga na nazi na karanga, wali hapo unaisha wenyewe.

Sasa njoo kwenye maua. Yale ya kwanza yote yalidondoka, kumbe madume, boga mara nyingi linaanza na madume ndo majike yanafuata. Jike utalijua, chini ya ua kuna kiboga kidogoo tayari, dume lina kikonyo chembamba tu. Halafu yanafunguka alfajiri, jua likishakolea yanajifunga, kwa hiyo nyuki wasipopita mapema kile kiboga kinageuka njano kinaoza. Na nyuki mtaani kwetu wachache siku hizi (kila mtu anamwaga zege uani) ikabidi kazi yao nifanye mimi, unachuma dume, unalivua yale majani ya njano, ule unga wake unaupakaza katikati ya jike. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi niko na kanga yangu nimechuchumaa ukutani, jirani ananichungulia, "Shoga, unalifanyia nini hilo ua?" Nikamwambia namuozesha mtu hapa. Alicheka mpaka mumewe akatoka nje.

Likashika. Na lilivyo na makusudi likakulia upande wa jirani, kwa hiyo siku ya kulikata tuligawana nusu kwa nusu bila ubishi, lilikuwa la unga unga, tamu, tukalipika na nazi na iliki kidogo.

Vingine vimejiotea: vinyanya vidogo pale tunapooshea vyombo, na mchicha wa mwaka jana ulimwaga mbegu, sasa umeota mpaka kwenye ufa wa baraza. Kinyonga naye kahamia kwenye pilipili, watoto wanamuogopa bure, anakula wadudu tu. Kunguru ndo sitaki hata kuwasikia, walitolewa India wakaletwa Zanzibar miaka ya 1890 wasafishe taka, leo wanasafisha vinyanya vyangu.

Sasa hivi macho yote kwenye mpapai. Nao umejiotea, umeshanipita urefu, na mpapai wa mbegu huwezi kujua dume au jike mpaka utoe maua: yakining'inia kwenye vikonyo virefu hilo dume, umepata kivuli. Mume wangu anasema dume, mimi nasema jike, tumewekeana kreti la soda. Maua yakitoka nitawaambia nani kalinunua.