Kumwogesha kindi mchanga: joto kwanza, maji baadaye

Kindi mzima mwenye afya haogeshwi na mtu. Hujisafisha mwenyewe mara nyingi kwa siku: hulamba viganja, hupangusa uso na masikio, hushuka tumboni na mbavuni, kisha huuvuta mkia mbele na kuupitisha mdomoni kidogokidogo mpaka nchani. Mwenye shida ni mtoto. Kindi anayenyonyeshwa kwa bomba la sindano bado hajaijua kazi hiyo, na mama aliyekuwa akimlamba hayupo. Maziwa humkaukia kidevuni, mkojo humganda mapajani, viroboto hujazana shingoni. Mlezi akiona hali hiyo hukimbilia beseni, na mara nyingi beseni ndilo linalomdhuru mtoto kuliko uchafu wenyewe.

Uchafu pekee ni nadra kumuua kindi mchanga. Kinachomuua upesi ni baridi, na maji yaliyopita puani yakaingia mapafuni. Kila hatua iliyo hapa chini inalenga kuzuia hayo mawili.

Angalia umri kabla ya kitu kingine. Kindi wa mitini huzaliwa uchi, macho yamefumba na masikio yamelala. Manyoya huanza kuonekana wiki ya 2 au ya 3, macho hufunguka kati ya wiki ya 4 na ya 5, na mpaka kama wiki ya 6 mwili bado haujaweza kujitunzia joto vizuri. Basi aliye uchi haogeshwi kabisa, hata awe amechafuka vipi, anapanguswa tu. Mwenye manyoya mafupi na macho yaliyofumba anapanguswa, na ikibidi sana anaoshwa upande wa nyuma peke yake. Aliyefungua macho na kuanza kutambaa kwa nguvu anaweza kuogeshwa, ila kwa sababu maalumu: viroboto wengi, kinyesi cha kuhara kilichoganda, au kitu cha mafuta au cha kunata kilichomwagikia manyoya. Harufu si sababu. Kindi anayenuka mkojo kwa kawaida analalia matandiko yanayonuka mkojo. Badilisha vitambaa vyake leo, kisha uone kesho.

Mpime pia hali yake. Mshike kiganjani: tumbo na miguu viwe na joto. Akiwa wa baridi, mpashe joto kwanza na usimpe hata maziwa, kwa kuwa tumbo lililopoa halisagi chakula. Vuta kidogo ngozi ya mgongoni karibu na shingo kisha uiachie. Ikirudi mara moja, ni sawa. Ikibaki imesimama kwa sekunde moja mbili, amekaukiwa maji, na kumwogesha siku hiyo ni kumwongezea mzigo asioweza kuubeba. Sikiliza pumzi. Ukisikia kutatarika au kukoroma kifuani, acha habari ya maji kabisa.

Kazi kubwa ya usafi wa kindi mchanga ni kupangusa, na anayeifanya vizuri kila siku huenda asihitaji beseni hata mara moja. Chovya pamba au kipande cha fulana laini katika maji ya vuguvugu, kikamue mpaka kisidondoshe tone, kisha pangusa kidevu na shingo mara tu anapomaliza kunyonya. Usingoje. Maziwa yakikauka hugeuka gamba gumu, manyoya yanang'oka pamoja nalo, na ngozi iliyo chini inapata vidonda. Gamba likishatokea, usilikwangue; liwekee kitambaa cha vuguvugu kwa dakika moja au mbili, lilainike, ndipo ulisukume kuelekea manyoya yanakolala.

Upande wa nyuma unahitaji uangalifu zaidi. Mtoto ambaye hajafungua macho hawezi kukojoa vizuri bila kuchochewa, kwa hiyo kila mlo huambatana na kumpapasa taratibu sehemu za siri kwa pamba yenye unyevu mpaka mkojo utoke. Baada ya hapo mkaushe kwa kitambaa kikavu, mapajani na chini ya mkia. Mkojo unaoachwa hapo huunguza ngozi: kwanza huwa nyekundu, kisha manyoya hunyonyoka. Kwa madume, tazama kama ncha ya uume imefunikwa na gamba au imevimba, hasa watoto wanapolala pamoja, maana hunyonyana. Gamba likiziba njia ya mkojo, tumbo hujaa na kuwa gumu, na hilo halingoji asubuhi.

Ukishaamua kwamba lazima aogeshwe, tayarisha kila kitu kabla ya kumtoa kwenye kiota chake. Funga madirisha, zima feni. Andaa mabeseni mawili madogo, la kuoshea na la kusuuzia, kila moja na maji ya kina cha sentimita 2 tu. Joto la maji liwe nyuzi 37 hadi 38. Kama huna kipimajoto, yamwagie upande wa ndani wa kifundo cha mkono wako, usihisi moto wala baridi. Tandika kitambaa chini ya kila beseni kwa ndani, kwa sababu kindi asiyepata pa kushika kucha huingiwa na hofu papo hapo, na mapambano mengi yanayodhaniwa ni ya kuchukia maji kwa kweli ni ya kuteleza. Karibu yako weka vitambaa vitatu vikavu vilivyopashwa joto, na chupa ya maji moto iliyofungwa nguo. Visiwe taulo zenye vitanzi: kucha za kindi ni ndoano, hunasa kwenye uzi, naye akijivuta huweza kung'oa ukucha au kuteguka kidole. Fulana ya pamba iliyochakaa inafaa zaidi.

Chagua wakati ambao tumbo halijajaa. Subiri kama saa moja baada ya mlo. Akibanwa akiwa ameshiba, maziwa hupanda kooni na kuingia njia ya hewa.

Mshike kwa kiganja chini ya kifua, kidole gumba na cha shahada vikizunguka mabega bila kukaza. Kifua chake lazima kiweze kupanuka. Mkono wa pili ubebe makalio. Kamwe usimshike wala kumzuia kwa mkia: ngozi ya mkia wa kindi huvuka kama soksi, na ikishavuka hairudi. Mshushe miguu ya nyuma ikitangulia, polepole, mpaka makucha yaguse kitambaa. Mwache hapo kidogo bila kufanya lolote. Kisha chota maji kwa kiganja na uyamwage kuanzia kiunoni kwenda nyuma, halafu mgongoni, mwisho mabegani. Maji yasifike masikioni, na kidevu kiwe juu wakati wote. Uso hauogeshwi, bali hupanguswa. Usimweke chini ya bomba linalotiririka. Sauti na mgandamizo wake vinatosha kumtia wazimu wa hofu.

Sabuni ni tone 1 la sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, isiyo na manukato, katika nusu lita ya maji. Ikoroge kwanza ndani ya maji, usiitone moja kwa moja juu ya manyoya, maana itakuchukua muda mrefu kuisuuza na muda ndio usionao. Ukianzia alipoingia majini mpaka anapotoka beseni la pili, zisipite dakika 5. Kisichotoka ndani ya muda huo kiache. Utarudia baada ya siku kadhaa, au utamalizia kwa kupangusa. Suuza kwapani, kinenani na kati ya vidole. Sabuni iliyobaki atailamba yote, kwa kuwa kitu cha kwanza atakachofanya akishakauka ni kujilamba mwili mzima.

Viroboto wana mbinu yao. Wakihisi maji hukimbilia sehemu iliyobaki kavu, yaani kichwani. Ndiyo maana kabla ya kulowesha mwili unapaka mduara mwembamba wa maji ya sabuni kuzunguka shingo, kwa pamba. Kisha unashuka mwilini na chanuo la meno yaliyokaribiana sana, ukilichovya kila mara kwenye kikombe cha maji ya sabuni; sabuni huvunja utando wa juu wa maji, kiroboto akazama badala ya kuelea na kuruka tena. Wa kichwani watolewe kwa chanuo lenye unyevu tu. Halafu fungua mdomo kidogo utazame ufizi: ukiwa mweupe badala ya waridi, viroboto wamemnyonya damu nyingi, na hapo anahitaji daktari wa wanyama. Na matandiko yote yafuliwe kwa maji moto siku hiyohiyo, la sivyo kazi yote ni bure.

Mayai ya nzi ni jambo jingine. Ni punje nyeupe au za manjano, zimeshikana vishada kwenye vidonda, kinenani, puani au masikioni kwa kindi aliyeokotwa chini. Usiyaloweshe. Yanatoka kwa urahisi zaidi manyoya yakiwa makavu, kwa mswaki laini au kibanio. Ukikuta funza ndani ya jeraha au tundu la mwili, mpeleke kwa daktari haraka.

Kuhusu dawa na mitishamba nina msimamo mkali. Shampuu za viroboto za mbwa, poda za kuua wadudu, mafuta ya manukato ya kila aina, dawa ya kuua vijidudu ya kusafishia sakafu: hakuna hata moja inayogusa kindi mchanga. Mwili wake una gramu chache, ngozi ni nyembamba, na chochote kilicho juu ya manyoya kitaishia tumboni. Poda kavu nazo huingia mapafuni. Kwa utomvu au gundi iliyonata, paka mafuta kidogo ya kupikia, sugua kwa vidole mpaka ilainike, kisha ndipo utumie maji ya sabuni. Ikishindikana, kata ncha za manyoya kwa mkasi wenye ncha butu huku ukiinua manyoya mbali na ngozi.

Sasa kukausha, ambako walezi wengi hulegea wakidhani kazi imekwisha. Manyoya yaliyolowa hayahifadhi joto hata kidogo, na mtoto wa gramu 100 hupoa ndani ya dakika chache. Mfunge kwenye kitambaa cha kwanza uso ukiwa nje, mbonyezebonyeze bila kusugua, ubadilishe kitambaa kikishalowa, halafu cha tatu. Baada ya hapo mweke kifuani pako ndani ya nguo, au kwenye kiota juu ya ile chupa ya maji moto. Joto lipashe nusu ya kiota tu, ili akizidiwa aweze kusogea. Mashine ya kukaushia nywele siipendekezi: mlio wake unamtisha, na ngozi huungua kabla hujajua. Manyoya ya juu hudanganya; ingiza kidole chini yake, kwenye mgongo na kwenye shina la mkia. Pakiwa na ubichi, bado hajakauka. Usimrudishe kwa wenzake wala usimlishe mpaka awe mkavu na mwenye joto.

Katika kiota, rudisha kipande kimoja cha kitambaa chake cha zamani kisicho na mkojo. Kindi hutambua pake kwa kunusa, na baada ya sabuni yeye mwenyewe ananukia kama mgeni. Kipande hicho humtuliza kuliko kubembelezwa. Aliyeanza kula vyakula vigumu unaweza kumpa kipande kidogo cha kokwa mbichi ya mtini au cha tufaha, ajishughulishe nacho.

Wakati wowote wa zoezi hili, zipo dalili za kusitisha. Kulia mara moja na kukwaruza ni kawaida. Kugonganisha meno, kupumua mdomo wazi, kukakamaa au kulegea ghafla na kunyamaza si kawaida. Kunyamaza ndiko kunakowapotosha watu: hudhani ametulia, kumbe amezimia kwa hofu au amepoa. Mtoe, mkaushe, mpashe joto, mweke gizani pasipo kelele. Maji yakimwingia puani, mwinamishe kichwa chini kidogo na umfute pua, usimtikise. Kisha mfuatilie kwa siku 2 au 3. Kupumua kwa kutatarika, kukataa kunyonya au mapovu puani ni ishara ya nimonia, na huponyeka tu ikiwahiwa.

Mabaka yasiyo na manyoya, magamba au kujikuna bila kukoma hakutibiwi kwa kuogeshwa. Huenda ni ukurutu au choa, na choa humwambukiza binadamu, kwa hiyo vaa glavu. Ukimpigia daktari, mwambie umri wake kwa wiki, uzito kwa gramu, anakula nini na kila baada ya saa ngapi, na umempaka nini tangu ulipompata. Nchi nyingi huhitaji kibali cha kumfuga kindi wa porini; daktari huyohuyo anaweza kukuelekeza kwa mtu mwenye kibali na uzoefu wa kumlea mpaka aweze kurudi mitini.