Tulivyosukuma daraja la reli kwa sabuni na mafuta ya ng'ombe

Nimechoka kusikia watu wanasema eti daraja la reli bila kreni kubwa halibadilishwi. Mi nimebadilisha, nikiwa nyapara wa genge la watu 22, huku mashariki ya Uganda, kwenye korongo ambalo kingo zake ni udongo mtupu, hata lori la mchanga hatukuthubutu kulisogeza karibu.

Daraja lenyewe la chuma, mita 20 hivi, la enzi zilezile za daraja la reli la Jinja lililofunguliwa 1931. Ukiliangalia unaona rangi nzuri unasema zima hili. Lakini riveti, zile pini za chuma zinazoshikanisha mabamba, hazipimwi kwa macho jamani. Weka ncha ya kidole pale kichwa cha riveti kinapokutana na bamba, gonga upande wa pili na nyundo ndogo. Kama imekaza hausikii kitu, kama imelegea inacheza chini ya kidole kama jino la mtoto linalotaka kung'oka. Boriti moja tu nilihesabu 31 zilizolegea nikaacha kuhesabu, usiku huo sikulala vizuri kwa sababu juu yake yanapita mabehewa ya saruji na mafuta na kuna watu ndani ya kichwa cha treni.

Sasa injinia mmoja alikuja asubuhi akaondoka jioni, ushauri wake ni tukate la zamani vipande kwanza ndio tuweke jipya. Yaani njia ifungwe wiki nne, mizigo ya watu irundikane Malaba mpakani! Nilikasirika kweli. Nikamwambia bosi, angalia Marekani, jimbo la New York, korongo la mto Genesee, walikuwa na daraja la chuma la mwaka 1875, limechoka mpaka treni zinavuka kilomita 16 kwa saa. Wakajenga la tao mita kama 23 pembeni, treni zinaendelea kupita palepale kwa zamani mpaka jipya likafunguliwa Desemba 2017. Wao walihamisha reli ikafuata daraja, sisi nafasi ya kuhamisha reli hatuna, basi tuhamishe daraja. Bosi akakubali.

Tukaliunga jipya kando, juu ya nguzo za muda, mita nne kutoka njiani. Hapo sina la kueleza, mafundi wa kuchomelea wanajua. Kazi ilikuwa kulisogeza hizo mita nne, tani karibu 28, na tumepewa masaa kumi na mbili tu bila treni.

Mi nikasisitiza tufanye mazoezi wiki moja kabla, tulivute nusu mita tu. Asante Mungu. Tulilaza reli kuukuu kila ncha, tukapaka grisi nzito, cheni bloku mbili za tani tano, yaani winchi za mnyororo za kuvuta kwa mkono, moja huku moja ng'ambo ya korongo. Vijana wa huku wana nguvu wakavuta kwa nyimbo, wa ng'ambo wakachelewa, daraja likaenda upandeupande kama mbwa anavyokimbia, likabana kabisa. Minyororo ikaanza kulia. Nikapiga kelele wote waache! Nilipochovya kidole kwenye ile grisi nikahisi mchanga, vumbi la maram, ule udongo mwekundu wa barabara, lilikuwa limeingia lote, tulikuwa tunasugua chuma kwa msasa.

Mzee mmoja wa trola, kile kigari cha mafundi wa reli, aliyeanza kazi enzi za reli ya Afrika Mashariki kabla haijavunjika 1977, akaniita pembeni, "Mwanangu, kanunue mafuta ya ng'ombe." Nikaenda kwa wachinjaji Tororo, nikachukua na katoni za sabuni ya mche, sijui laki tatu sijui nne zote pamoja. Tukayeyusha mafuta kwenye pipa, sabuni tukaikwangua ndani, tukapaka ikiwa moto, ikipoa inaganda inakuwa ngumu na inateleza, halafu tukafunika kwa maturubai mpaka dakika ya kuvuta. Na muweke mlinzi usiku maana mbwa wa kijiji wote watakuja kulamba.

Tatizo la daraja kwenda upande nililimaliza kwa rangi nyeupe. Alama kila sentimita tano kwenye reli zote mbili, na mtu mmoja wa kuita kila ncha. "Tano!" Ng'ambo wanajibu, "Tano huku!" Hapo ndio mnavuta tena, bila jibu hakuna anayegusa mnyororo, hata awe nani.

Siku yenyewe la zamani lilitoka upande wa pili vizuri, jipya likaingia saa kumi jioni, na matundu ya bolti hayakukutana! Milimita kama sita. Kuna aliyetaka kuchoma matundu kwa gesi, nikakataa. Chuma cha mita 20 kikipata joto la nyuzi 25 zaidi kinarefuka hizohizo sita. Tuliomba masaa zaidi, tukala posho, yaani ugali, tukasubiri chuma kipoe. Kabla ya alfajiri bolti ziliingia kwa mkono.

Nilikuwa nimefunga penseli katikati ya boriti, na ubao kwenye nguzo ya muda. Treni ya kwanza ilipopita, penseli ilichora mstari mfupi, urefu wa punje ya mahindi, ikarudi pale ilipoanzia. Kwenye la zamani niliwahi kupima hivyohivyo, mstari ulikuwa mara tatu ya huo. Mbao zote mbili ziko nyumbani kwangu, ukutani.