Paa la tembe na jicho la setilaiti

Setilaiti ya WorldView-3, iliyorushwa mwaka 2014, hupiga picha ya rangi nyeusi na nyeupe ambayo kila pikseli yake (nukta ndogo inayoijenga picha) ni kipande cha ardhi chenye upana wa takribani sentimita 31, ilhali pikseli za picha yake ya rangi ni za mita 1.24. Ndiyo maana uchakataji huanza kwa kuunganisha picha hizo mbili, ili undani wa ile ya kwanza upate rangi za ile ya pili.

Mageuzi makubwa yako katika hatua inayofuata, ya kutambua kilichomo pichani. Zamani kompyuta iliainisha kila pikseli peke yake kwa rangi yake. Siku hizi mitandao ya neva, yaani programu zinazojifunza kwa mifano, kama vile U-Net ya mwaka 2015, huitazama pikseli pamoja na jirani zake na kutambua umbo zima.

Hapa Dodoma, mabati mapya ya Ihumwa yanatambulika bila taabu (hata mizabibu, kwa mistari yake iliyonyooka, haisumbui). Mtihani ni tembe la Kigogo, nyumba ya jadi kule vijijini, ambalo paa lake bapa limefunikwa kwa udongo uleule wa uwanja, hivi kwamba wakati wa kiangazi kinacholitambulisha ni kivuli chembamba tu kando ya ukuta. Kwa maoni yangu, kinachohitajika si setilaiti yenye jicho kali zaidi, bali ni picha nyingi za kufundishia, ambazo tembe zake zimechorwa mipaka kwa mkono na watu wanaoijua Ugogo.