Mwiba Ambao Haukutoka

Nimekuwa nikisoma Waraka wa Pili kwa Wakorintho polepole, sura moja kila asubuhi, na nimekwama kwenye ya 12. Paulo anasema alipewa mwiba katika mwili. Akamsihi Bwana mara tatu umtoke, wala haukutoka. Alichopewa ni jibu: "Neema yangu yakutosha, maana uweza wangu hutimilika katika udhaifu." Mwiba wenyewe ulikuwa nini, hakusema. Wapo wanaodhani ni macho, wengine homa, wengine watu waliomwandama. Mimi nashukuru hakuutaja. Angeutaja, wenye maradhi mengine tungesema jibu lile si letu.

Kilichonishika safari hii ni wakati aliochagua kutoa ushuhuda wake. Sisi tumezoea ushuhuda wa mambo yaliyokwisha: nilikuwa mgonjwa, nimepona; sikuwa na kazi, nimepata; Bwana asifiwe, makofi. Ambaye shida yake bado inaendelea hubaki amekaa, akingoja iishe ndipo na yeye asimame. Paulo amesimama, mwiba ungali mwilini. Na anasema mbele ya watu ambao hawakuwa na haya naye. Walishanena kwamba nyaraka zake ni nzito, lakini yeye mwenyewe akiwapo ni dhaifu, na maneno yake si kitu. Korintho walikuwa wameingia walimu wa kujipigia debe. Naye alipolazimika kujisifu kama wao, akaishia kusimulia jinsi alivyoteremshwa dirishani ndani ya kapu, ukutani mwa Dameski, akimkimbia liwali wa mfalme Areta. Mtume mzima, ndani ya kapu! Hucheka kila nikifika hapo, na nadhani hata yeye alitaka tucheke kidogo.

Mwiba wangu mimi ni mikono. Inatetemeka, na nikijua natazamwa ndiyo inazidi. Nikishika Biblia mbele za watu, kurasa huchakarika mpaka walio nyuma wanasikia. Nimeombewa, nimetumia dawa, na dawa zinasaidia kiasi chake. Nilipopangiwa kusoma somo kwenye ibada, mama mmoja wa kikundi chetu cha maombi aliinuka bila kuitwa, akaja akanishikia kitabu, kidole gumba chake kikiwa kimebana ukurasa usifunuke. Nikasoma mpaka mwisho. Nguvu za ajabu sikuziona. Niliona aibu, masikio yakiwaka moto, lakini sauti haikukatika, na neno lilisomwa.

Tangu siku hiyo nawaza kwamba kuhudumia ni rahisi kuliko kuhudumiwa. Anayehudumia bado anabaki na kitu cha kujivunia, hata akikificha. Anayeshikiwa kitabu hana. Labda ndiyo maana Gideoni alipunguziwa jeshi kutoka watu 32,000 hadi 300 kabla ya vita: Mungu alisema wazi kwamba Israeli wasije wakajivuna kuwa mkono wao ndio uliowaokoa. Ila Gideoni alipunguziwa mara mbili tu, kabla ya vita moja. Mimi napunguziwa kila siku asubuhi nikijaribu kufunga vifungo vya shati.

Jambo moja linaniudhi, acha niliandike. Kuna watu wakishaisoma aya hii huigeuza kofuli ya kumfungia mgonjwa mdomo: neema yatosha, usilalamike. Paulo mwenyewe aliomba, tena si mara moja. Alimshauri Timotheo, kijana aliyefanya kazi naye, atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake na magonjwa yake ya mara kwa mara. Hakumwambia avumilie tu. Mwenzake mwingine, Trofimo, Paulo alimwacha mjini Mileto akiwa mgonjwa, na akaandika hivyo bila kumlaumu kwa kukosa imani. Mistari hiyo miwili mifupi imenifariji kuliko mahubiri mengi.

Paulo anafika mahali pa kusema anapendezwa na udhaifu. Mimi sijafika. Nauvumilia, na siku nyingine hata hilo ni gumu. Ombi la kuponywa sijaliondoa. Yeye aliacha kuomba kwa sababu alijibiwa. Mimi sijasikia jibu kama lake, kwa hiyo kesho nitaomba tena, na nikipangiwa kusoma nitasoma.